Hakutuma Salamu, Alikuja Mwenyewe

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango, maana huko ndiko nilikokaa mimi miaka mingi, ili niwahi kutoka.

Mimi si msemaji. Shule niliacha darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na mdogo wangu Rehema, mtoto wa miaka minne. Nikapata kazi ya udobi katika nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe, na mpaka leo nafua na kupiga pasi mashuka. Yule mtoto nimemlea, ndugu zangu! Nimemsuka, nimemuuguza, nimemfundisha kusali.

Kanisani nilikuwa naenda. Lakini nakiri mbele yenu: moyoni sikuamini kwamba Yesu ni Mungu. Nilimwona mtu mwema aliyetumwa kutuletea salamu. Mungu mwenyewe nilimhesabu kama ndugu za baba walioko bara, ambao tangu msiba wanasema wanatusalimu sana, na Unguja hawajakanyaga. Nilimtii Mungu, nilimwogopa, na nilimkasirikia. Kumpenda sikuweza. Utampendaje asiyekuja?

Rehema alipofika miaka kumi na saba, siku moja nilimwachia mashuka ayaanue, nikarudi nikayakuta yamenyeshewa. Nikafoka. Akanijibu, "Wewe si mama yangu!" Nikampiga kofi. Sikuwahi kumpiga kabla ya siku ile. Kesho yake akaenda zake Paje, kulima mwani na mama wa rafiki yake.

Nilijuta, lakini niliona haya kumtazama usoni. Sasa, dereva wetu wa kazini huenda Paje mara mbili kwa wiki kuchukua mashuka ya hoteli tunazozifulia. Nikamfanya yeye ndiye mdomo wangu. Nikampa kanga ampelekee, mafuta ya nywele, vitumbua. "Mwambie dada anakusalimu, urudi nyumbani." Kila mara jibu lilikuwa moja: "Kashukuru." Mwezi wa pili tangu aondoke, dereva akanirudishia kifurushi changu, fundo halijafunguliwa.

"Kasemaje?"

"Kasema vitu vinamtosha. Kasema kama dada yake hana miguu, aambiwe."

Nilirudi nyumbani nikakaa uani nalia. Akatoka jirani yetu Bi Zuhura, mama wa Kiislamu aliyetupikia siku zote za msiba. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Kofi kalipiga dereva?" akauliza.

"Hapana, Bi Zuhura. Mimi."

"Sasa yeye anakwenda kutaka radhi ya nini? Nenda mwenyewe, mwanangu. Na vitumbua viache, vyenyewe vigumu."

Jumamosi nikaenda. Maji yalikuwa yamekupwa, na Rehema nilimwona mbali, ameinama katikati ya kamba za mwani, anafunga. Nilimwita. Akainua kichwa, akainama tena. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, nimelipiga pasi mwenyewe. Nikaingia nalo majini mpaka mapajani.

"Dada, nguo yako!"

"Mimi dobi, itafuliwa," nikasema. Nikapiga magoti mbele yake, maji yakanifika kifuani. "Nisamehe, mdogo wangu. Nshachelewa, lakini nimekuja."

Akanitazama. Kisha akaninyooshea ncha ya kamba. "Shika hapa basi. Maji yanajaa."

Tukafunga mwani pamoja, na machozi yanatutoka wote wawili. Na hapo, ndugu zangu, na kamba mkononi, Bwana alinifungua macho! Mimi mwenye dhambi nilijua kwamba salamu hazikutosha, na nilimpenda huyu mtoto kiasi cha kuingia majini. Je, Mungu aliyempa uhai ndiye angeridhika kutuma mtu baki? La! Baba alimtuma Mwana, naam, lakini Mwana si mtumishi wa kuagizwa. Ni wa ndani ya Mungu, Mungu kweli. Mkono uliowagusa wenye ukoma ulikuwa mkono wa Mungu. Machozi aliyolia penye kaburi la rafiki yake yalikuwa machozi ya Mungu. Siku tulipomzika mama, nilipodhani tuko wawili tu, Yeye alikuwapo, na kaburi alikwisha kulijua kwa kuingia mwenyewe!

Nikasema kwa sauti, palepale majini, "Yesu, Wewe ndiwe Mungu wangu." Hasira ya miaka kumi na mitatu ikanitoka. Haleluya!

Rehema hakurudi siku ile. Alisema ana mwani wake wa kuvuna, na mimi nikamwacha avune. Kila Jumamosi nikaenda mwenyewe. Wiki ya tano nilipoaga, nikamwona anakunja mkeka wake. Alinipa tu kikapu nishike upande mmoja, tukaja nyumbani.

Bi Zuhura haamini kama ninavyoamini, na sote tunalijua hilo, na chakula tunapelekeana vilevile. Namshukuru. Namshukuru mdogo wangu aliyekataa salamu zangu. Zaidi ya wote namshukuru Bwana Yesu.

Na wewe uliyemkasirikia Mungu kwa sababu ya wale uliowazika, usione haya kumwambia. Mwambie leo, kwa maneno yako mwenyewe, hata kama ni ya kufoka. Hazungumzi nawe kutoka mbali. Yuko hapo ulipokaa.