Historia ya Marehemu Bi Mwiko na Sufuria Zake Mbili

Ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutufuta machozi, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Mwiko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe muuza mboga, akafuatiwa na sisi wanne, ambao alitubeba mgongoni mmoja baada ya mwingine. Alianza shule ya msingi Januari 1966, akahitimu mwaka 1972, akasomea upishi kwa miaka miwili, na mwaka 1976 akaajiriwa katika kantini ya kiwanda cha sabuni. Huko alikutana na fundi umeme wa kiwanda jirani, aliyekuwa akivuka barabara kila mchana kwenda kula kantini isiyo yake, mpaka msimamizi akauliza huyu bwana ni wa idara gani. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano.

Tarehe 3 Februari 1986 alihamia jiko la shule ya msingi, alikopika hadi alipostaafu Machi 2018. Shule ilikuwa na watoto wa dini mbalimbali, wapo wasiogusa nguruwe, wapo wasiokula nyama yoyote, naye akatenga sufuria mbili, moja ya nguruwe na moja isiyoguswa na nyama, kila moja na mwiko wake na upawa wake, na msaidizi aliyezichanganya alisemwa mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jumanne, tarehe 9 Juni 1998, aliteleza yeye mwenyewe. Maharage yalikuwa yamekauka, kengele imeshalia, akachota mchuzi kwenye sufuria iliyokuwa karibu, akaongeza, akapakua, na sufuria ile ilikuwa ya nguruwe. Alitambua wakati wa kuosha vyombo, watoto arobaini na mmoja wakiwa wameshakula na kurudi darasani, na hakuna mwingine aliyejua.

Kesho yake alimweleza mwalimu mkuu, akaomba wazazi waitwe, akasimama mbele yao katika bwalo akiwa na aproni yake, akasema alichofanya, bila kuisingizia kengele wala wasaidizi. Wapo waliolia, wapo waliofoka, na baba mmoja, mwenye duka la vitambaa, aliwashika mkono binti zake wawili akaondoka nao. Viongozi wa dini waliwatuliza watoto kwamba aliyekula bila kujua hana kosa, lakini marehemu alisimamishwa kazi, akakaa nyumbani karibu wiki nane, akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Alirejeshwa Jumatatu, tarehe 3 Agosti, kwa sababu baba yule yule wa duka aliiandikia kamati ya shule kwamba ni afadhali mpishi anayejisema mwenyewe kuliko yule ambaye hajawahi kukamatwa. Tangu hapo mzazi yeyote aliruhusiwa kuingia jikoni bila kupiga hodi, na marehemu aliwawekea viti.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na kisukari, kikamletea maradhi ya figo, akalazwa tarehe 2 Mei 2024, na akafariki Alhamisi, tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliolala nasi msibani, walimu na wapishi wenzake, na baba wa duka la vitambaa, aliyeleta sanda bila kuombwa.

Kuna jambo familia haikuniagiza kulisoma. Jioni ya siku ile ya kosa, dada alinieleza kwanza mimi, mdogo wake, nami nikamwambia, "Dada, nyamaza, nani atajua?" Akanijibu, "Wale watoto wamekula kwa kuniamini mimi." Kwa miaka ishirini na sita hakumwambia mtu kwamba nilimshauri hivyo, wala mimi sikuwahi kumwomba radhi.

Nisamehe, dada yangu. Pumzika kwa amani.