Ukuta wa Mama Pindua

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkuu wa idara ya michoro katika kampuni yetu ya vitabu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Jina lake la kwenye barua ya ajira analijua mhasibu. Sisi wengine tunamwita Mama Pindua, na leo si siku ya kubadilisha.

Jina hilo amelitolea jasho. Kila Jumatatu alibandika kazi za wachoraji wapya kwenye ukuta ulio juu ya birika la chai, zote kichwa chini, kwa hoja kwamba picha nzuri haiangushwi na kupinduliwa. Wiki nzima tulikunywa chai tukiwa tumepinda shingo. Ijumaa, ile iliyomridhisha aliigeuza kwa mkono wake mwenyewe, kisha akampigia simu aliyeichora. Wasanii wengi wanaopamba vitabu vyetu walianza kazi wakining'inia hivyo.

Kuwasaka ndiko kulikotutesa. Dereva wetu ni shahidi: mkutano unangoja, Mama Pindua kaona kibao cha kinyozi kilichochorwa vizuri, basi gari lisimame. Siku moja alirudi na mikate saba, eti mifuko yake ilikuwa imepigwa chapa za ndege, na kila mfuko na ndege wake. Tulikula mkate mpaka ukakauka, naye akamhoji mwokaji hadi akakiri kwamba mchonga chapa hizo ni mpwa wake. Mpwa huyo ndiye anayetutengenezea majalada ya riwaya, na siku hizi kumpata ni kwa miadi.

Alipofundishwa kuwafuatilia wasanii kwenye simu, tulidhani gari litapumzika. Wapi! Katikati ya vikao aliwaandikia watu asiowajua: "Mwanangu, mkono wa kushoto umeuficha mfukoni kwa sababu umekushinda kuchora. Utoe, kisha unitumie tena." Nao, ajabu, walituma.

Hatuwezi kuagana bila kumtaja popo. Kitabu cha watoto, jalada lina popo aliyelala akining'inia. Mama Pindua akalipindua kulijaribu, akasahau kulirudisha. Kila aliyepitia alidhani bosi ana sababu zake, na popo akatoka kwenye mtambo wa kuchapia amesimama wima kama askari wa gwaride. Mkurugenzi aliuliza popo huyo anakwenda wapi. Watoto walimpenda.

Lakini jambo moja lilituuma. Binti yake alikwisha kutuambia kwamba mama huchonga chapa zake mwenyewe kwenye meza ya jikoni, huzipiga karatasini, kisha huzificha picha chini ya godoro. Kila tulipomwomba hata moja, alijibu kwamba haijaiva, na kwamba kinyozi hajinyoi. Tuliogopa ataondoka bila kazi yake kupita ukutani.

Jumatatu ya wiki iliyopita binti alituletea moja kwa siri: wanawake wawili wanakunja shuka, kila mmoja anavuta upande wake. Tukaibandika kichwa chini, katikati ya nyingine. Mama Pindua aliiona, akatukazia macho mmoja mmoja, akamimina chai, akaenda zake. Hakuibandua.

Alhamisi, mpwa wa mwokaji alileta jalada. Alisimama ukutani, shingo upande, chai ikampoa mkononi, kisha akauliza swali alilolirithi: huyu ni nani, na anapatikana wapi? Mama Pindua alikuwa nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tulimwona anatafuta leso.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, Mama Pindua alikwenda ukutani peke yake, akaigeuza kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo hiyo iliyochapwa mbele ya ratiba hii ya kumuaga.

Mama, tunakushukuru kwa macho uliyotufungua na shingo ulizotupinda. Nenda salama, ukaule ustaafu wako kwa afya na furaha, pamoja na wanao na wajukuu. Ila simu usiizime. Desturi ni yako mwenyewe: picha ikishageuzwa, mchoraji hupigiwa. Tutapiga Jumatatu.