Kitambaa Mlangoni kwa Mama Pazia

Mama Pazia anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha bima ya maisha. Miaka yote hiyo aliitumikia katika chumba kimoja, kile cha mwisho kwenye korido, kinachotazamana na stoo ya majalada. Meneja ameniomba mimi nimwandikie wasifu kwa kuwa ofisi yangu na yake zinachangia ukuta, akasisitiza uwe mchangamfu, watu wacheke. Nitajitahidi. Nikilegea njiani mnivumilie, kwa maana mhusika mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba anayejibu nusu hajajibu.

Kwa wale wasioijua kazi yake, mtu mwenye afya njema akitaka bima ya maisha humalizana na wakala, akatia saini, akaenda zake. Mwenye kisukari, pumu, presha au kichwa kisichomwacha, maombi yake yalipelekwa kwa Mama Pazia. Yeye ndiye aliyeamua kama kampuni imkubali, imwongezee malipo ya kila mwezi, au imwambie asubiri. Sisi watu wa bima mkate wetu unatokana na kuwaza mabaya yanayoweza kuwapata wenzetu, na hakuna haja ya kulificha hilo. Mama Pazia aliyawaza mabaya hayo kwa huruma, na ndiyo sababu wateja walimwulizia kwa jina.

Jina lenyewe tulimpa sisi. Alikuja kazini tayari ana kipandauso, maradhi ya kichwa yanayoshika upande mmoja na kumfanya mtu auchukie mwanga, sauti, hata harufu ya chai ya jirani. Wiki yake ya kwanza alifunga pazia mchana kweupe, karani mmoja mcheshi akampachika jina, nalo likaganda. Hakuwa na mtoto wakati huo, na yeye na mumewe hawakujaliwa kumpata baadaye. Aliwahi kutuambia kwamba hana neno na jina lake, angalau pazia halilii usiku. Tulicheka, kisha tukatafuta kazi ya kufanya.

Kichwa kilipomjia alifunga kitambaa cha samawati kwenye kitasa cha mlango. Kitambaa kikiwepo, hakuna kugonga. Simu zake zinapokelewa mapokezi, na wenye viatu vya kisigino wanavivua wakifika stoo. Kuna meneja mmoja mgeni aliyedhani ni mambo ya imani, akapita hapo na soksi kwa miezi kadhaa bila kuthubutu kuuliza. Hakuna waraka uliowahi kutolewa juu ya jambo hili. Mfanyakazi mpya alifundishwa siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Kazini alikuwa moto wa kuotea mbali, hasa kwa wenzake wa vichwa. Wengine wetu tulipoona mtu ameandika kwamba kichwa humuuma mara kwa mara, tulikuwa wepesi wa kumkataa, kwa sababu kichwa kisichojulikana chanzo chake humtia hofu kila mwenye kampuni ya bima. Yeye alinyanyua simu. Aliwaambia waombaji kwamba kusema kichwa kinauma si kusema kitu, kila mtu kichwa humuuma, hasa mwisho wa mwezi. Waseme upande gani, mara ngapi, dawa gani inawasaidia, kama wamepigwa picha ya kichwa, na daktari gani anawafahamu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa amekataliwa na kampuni mbili. Baada ya simu ile alileta barua ya daktari na picha ya kichwa isiyo na dosari, akapita kwa malipo ya kawaida kama mtu mwingine yeyote. Alikuja mwenyewe kumshika mkono Mama Pazia, akakikuta kitambaa mlangoni, akaketi kwenye benchi la korido na kusubiri hadi jioni.

Mumewe alikuwa fundi bati. Haya ni maajabu ya Mungu, mwanamke asiyevumilia mlio wa kijiko kwenye kikombe kuolewa na mtu wa kugonga nyundo kutwa. Sisi tulimwita Fundi, basi. Karakana yake ya kwanza ilikuwa uani kwao. Hawajamaliza mwaka katika ndoa akaihamishia mbali, mtaa mwingine kabisa, na wateja waliomwuliza sababu aliwaambia uani kuna joto. Alipokuja kumchukua mkewe jioni alitembea kwa ncha za vidole hata siku ambazo hakuna kitambaa. Ndiye aliyetengeneza kile kikofia cha bati kilichokuwa juu ya dirisha la mkewe, kwa kuwa pazia peke yake halikuliweza jua la alasiri. Alikileta siku ya Jumapili ofisi ikiwa tupu, akakifunga kwa skrubu badala ya misumari, akakipaka rangi ya ukuta.

Lakini kinyozi hajinyoi. Mama mzazi wa Mama Pazia alikuwa na kichwa kama chake, na siku moja alianguka jikoni, mwiko mkononi, asiamke tena. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Aliyemkuta ni Mama Pazia mwenyewe, akitoka shuleni na sare yake. Tangu siku hiyo aliamini kwamba naye ataondoka hivyohivyo, ghafla, na kwamba Fundi, ambaye riziki yake ilikwenda na wajenzi, atabaki mzee peke yake bila kitu. Ndiyo maana alitaka bima ya maisha yake. Utajiri hakuutaka. Alitaka siku akianguka yeye, mumewe awe na pa kushika.

Utaratibu haumruhusu mtu kujipima, kwa hiyo maombi ya wafanyakazi wetu hupelekwa kampuni nyingine. Hapo akafanya kosa ambalo mtu wa kitengo chetu tu ndiye angelifanya. Mwombaji wa kawaida hujieleza kama mgonjwa. Yeye alijiandikia ripoti. Alieleza jinsi nusu ya kila anachokitazama inavyopotea kabla ya maumivu kuanza. Alieleza asubuhi moja uso ulipokufa ganzi upande wa kushoto na ulimi ukawa mzito, akaketi kwenye ngazi mpaka ikapita, kisha akaingia kazini. Akamtaja na mama yake. Mwishoni, kwa mazoea ya mkono, akaongeza pendekezo kwamba mwombaji huyu asubiri vipimo zaidi. Wenzetu wa kule wakaliafiki pendekezo lake neno kwa neno. Tulicheka mpaka machozi, naye akacheka nasi, kisha akaenda kufunga kitambaa.

Mwezi uleule Fundi naye akakata bima yake, mwanamume ambaye hakujua dawa ya kichwa ina ladha gani. Ilipita siku hiyohiyo. Aliikunja akaitia mfuko wa shati, akamwambia mkewe mbele yetu, "Hii ni ya urembo tu, mke wangu. Wewe ndiye utakayenizika." Alikuwa anamtania ili atabasamu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyatia maneno yale maanani.

Mama Pazia hakukata tamaa. Alipigwa picha ya kichwa, ikatoka safi, akaomba tena. Akaambiwa asubiri muda upite bila ganzi. Muda ukapita, daktari akambadilishia dawa, akaambiwa asubiri ionekane kama dawa mpya inamfaa. Aliwahi kuniambia kwamba amevipitisha vichwa vya kila namna, ila chake hakijapata wakala. Alisema hivyo akiwa amejifunika macho kwa kiganja, na mimi nilishindwa kucheka. Miaka miwili iliyopita alipata dawa iliyomtuliza kuliko zote, siku za kitambaa zikapungua, akatuma maombi kwa mara nyingine. Tukawa tunasubiri naye, ofisi nzima.

Majibu yalikuwa hayajafika ile siku Fundi alipobanwa na kifua karakanani. Jirani yake wa useremala alimkimbiza hospitali, na kutoka kitandani Fundi mwenyewe akapiga simu hapa. Mama wa mapokezi alimwambia kwamba kitambaa kipo mlangoni, lakini atakwenda kumwamsha sasa hivi. Fundi akakataa. "Acha, mama, usimgongee. Kichwa kinamsumbua tangu asubuhi. Nitamwona jioni, mimi sijambo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, tena akauliza kama kikofia cha bati bado kinazuia jua.

Alasiri kitambaa kikatolewa. Mama Pazia alitoka akishika ukuta kama kawaida yake, akapewa salamu za Fundi kutoka hospitali, na mama wa mapokezi akaacha simu zikilia akaenda naye. Walipofika hospitali Fundi alikuwa ameshakata roho. Mama wa mapokezi alilia hadi akakaa chini kwenye sakafu, na ni Mama Pazia, mfiwa mwenyewe, aliyemwinua na kumwambia kwamba hakuna aliyekosea, Fundi alikuwa hivyo siku zote.

Malipo ya bima ya Fundi yalitoka upesi kuliko yoyote niliyoyaona katika jengo hili, kwa kuwa kila mtu alitafuta cha kufanya. Aliyapokea, akashukuru, na hakuyazungumzia tena. Mwezi uliofuata yakaja majibu yake yeye. Amekubaliwa, kwa malipo ya kawaida, ila athibitishe jina la mnufaika, yaani yule atakayelipwa yeye akifa. Alinipa niyasome kwa sauti, nikasoma. Kisha akanitamkia jibu, nikaliandika kama alivyolitamka: "Ahsanteni kwa kunikubali, lakini niliyekuwa naogopa kumwacha ameniacha yeye." Sijawahi kuandika sentensi iliyonitoa jasho kama ile.

Akaendelea na kazi. Mwongozo ambao mawakala wetu wanautumia leo, wa namna ya kumhoji mwombaji mwenye kipandauso bila kumtisha wala kumficha kitu, ameutunga baada ya msiba huo, na waombaji wengi wanalala na amani kwa sababu yake. Ila kitambaa hakukifunga tena. Kichwa hakikupona, tulikijua kwa jinsi alivyokunja uso, lakini alikaa na mlango wazi, korido ikimpigia kelele zote, kwa sababu hakutaka tena habari imkute amelala. Tulitembea na soksi vilevile, bila kuambiwa.

Tulipomwuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, tulitegemea atasema kiti cha kupumzikia. Aliomba kile kikofia cha bati. Juzi fundi wa jengo alipanda akakifungua, na skrubu zikatoka kwa urahisi, hazina kutu, maana zilikuwa zimepakwa mafuta kabla ya kufungwa. Sasa jua linaingia chumbani mpaka kwenye miguu ya meza, na mpaka ninapoandika haya hakuna aliyetaka kuhamia humo.

Mama Pazia, tunakushukuru kwa watu wote uliowapigia simu pale ambapo sisi tungewakataa, na kwa subira yako nasi. Kitambaa cha samawati tumekifua, tumekipiga pasi, kimo ndani ya zawadi. Kifunge nyumbani kwako, na ufunge pazia, na ulale bila wasiwasi. Mama wa mapokezi, ambaye siku hizi mnakaa mtaa mmoja, ana ufunguo wako wa akiba, nasi wengine tunaijua njia. Maisha yako yaliyobaki yawe mema na marefu, dada yetu. Kukitokea jambo lolote, hata kitambaa kiwepo, safari hii tutagonga.