Réal Théoret na Kizibo cha Bernache

Kwa niaba ya familia za Théoret na Legault, nasimama mbele yenu kusoma maisha ya mpendwa wetu Réal Théoret, mimi Donat Legault, shemeji yake, kaka wa mjane, na dada yangu Fleurette, aliyeketi pale mbele, amenikabidhi karatasi hii na kuniagiza nisome yaliyoandikwa tu, nisiongeze neno, agizo ambalo nitalitii hadi litakaponishinda.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1937 hapa Valleyfield, mtaa wa Bellerive, akiwa mtoto wa sita kati ya kumi na mmoja, akasoma shule ya mabruda hadi mwaka 1951, alipoacha kwa sababu, kama alivyopenda kusema, hesabu aliipata na dini aliipata, somo lililobaki lilikuwa kukaa kimya, na hilo lilimshinda. Mwaka huohuo aliajiriwa katika karakana ya useremala ya kiwanda cha pamba, baadaye akahamia kiwanda cha milango, akafanya kazi huko hadi kustaafu tarehe 30 Juni 1997, bila kukosa kazini hata siku moja, isipokuwa wiki ya mashindano ya boti kila Julai, ambapo aliugua kila mwaka, na msimamizi wake, aliyekutana naye gatini, alimtakia afueni.

Mwaka 1957 aliniundia kwa mikono yake boti ya mashindano tuliyoiita Bernache, jina la bata bukini wa kwetu, boti ya mbao nyepesi, ile aina inayokimbia juu ya maji ikiyagusa kwa ncha tatu tu, mimi nikiwa dereva na yeye fundi. Boti hizi zina tundu dogo nyuma, la kutolea maji zikiwa nchi kavu, na kanuni ya gatini ilikuwa moja, fundi anafunga kizibo, dereva anakigusa kwa kidole chake mwenyewe, ndipo kreni inanyanyua boti na kuishusha majini.

Jumapili tarehe 12 Julai 1959, mji mzima ukitazama, Bernache ilizama, tena haikuzama kwa mwendo wala kwa kugongwa, ilizama imetulia ikisubiri mlio wa kuanza, polepole, nami nimekaa ndani na helmeti yangu kichwani, na ilipoopolewa tundu lilikuwa wazi. Nilimwambia, "Umesahau kizibo, wewe," naye akasema, "Nilikifunga, ila wewe uliibamiza boti gatini mpaka kikachomoka," na hapo urafiki wetu ukakatika, boti tukaiuza ilivyo, bila kung'oa hata ubao mmoja.

Tarehe 15 Oktoba 1960 alifunga ndoa na Fleurette, nami nilihudhuria kwa sababu mama aliniambia nichague kati ya kwenda kanisani na kutokula kwake tena, wakajaliwa watoto wawili, Ginette mwaka 1962 na Yvon mwaka 1965, na kwa miaka arobaini tuliketi meza moja kila Mwaka Mpya, pai ya nyama katikati, mimi nikisema, "Fleurette, mwambie mumeo anisogezee chumvi," naye akisema, "Fleurette, mwambie kaka yako chumvi iko mbele ya pua yake," na Fleurette hakumwambia mtu kitu, alikula chakula chake.

Mwaka 1999 marehemu aliiona Bernache katika shamba moja upande wa Huntingdon, imepinduliwa juu ya banda la kuku, imekuwa paa, akamjengea mwenye shamba paa jipya, akaileta nyumbani kuifufua, akachomoa skrubu za shaba moja baada ya nyingine, zaidi ya elfu nne, kila ubao akiupa namba kwa penseli, na uliooza akiuchongea mwenzake wa mti uleule. Tarehe 9 Februari 2000, alipong'oa sakafu ya mbele, kati ya ubavu wa pili na wa tatu wa kiunzi cha boti alikuta kizibo, kilekile chetu, chenye alama nyekundu aliyoipaka mwenyewe, ikawa wazi kwamba kilimdondoka mfukoni alipoinama kukaza nyaya za usukani, wala hakukifunga. Alikuwa peke yake, angeweza kukitupa na hakuna ambaye angejua, lakini alivaa koti, akaja kwangu kwa miguu kwenye theluji, akakiweka mezani kando ya bakuli langu la supu ya njegere, akasema, "Shemeji, ni mimi, nilisahau."

Nilimjibu, "Keti, supu inapoa," na kesho yake nilikuwa karakanani kwake na msasa mkononi, naye baada ya saa nzima akapitisha kiganja juu ya kazi yangu, akasema, "Hapa umepapasa tu, rudia." Nilirudia kwa miaka sita, miaka mizuri kuliko yote niliyoishi. Tarehe 15 Julai 2006 Bernache ilirudi kwenye ghuba ya Saint-François, ileile ilikozama, na kila tulipoishusha tangu siku hiyo aliniuliza akitabasamu, "Umekigusa, shemeji?"

Mwaka 2016 alianza kuugua mapafu, akafariki nyumbani Jumatatu tarehe 28 Mei 2018, mkewe na watoto wakiwa kando yake, baada ya kulalamika kwamba vanishi ya kitanda chake ilipakwa na mtu mwenye haraka. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa mji wetu, majirani waliotuletea chakula hadi jokofu likagoma kufungika, wafanyakazi wenzake wa zamani, na watu wote wa boti za kale.

Hapa karatasi inaishia, na Fleurette ananikazia macho, lakini liko neno moja. Réal aliponiomba radhi niliipokea yote, kana kwamba kosa lilikuwa lake peke yake, nikakaa nayo miaka kumi na minane. Siku ile ya 1959 mimi sikukigusa kizibo. Palikuwa na mpiga picha wa gazeti, nami nilikuwa nikimgeuzia upande wangu mzuri, ningenyoosha kidole tu ningekuta tundu li wazi. Kila Julai nilikusudia kumwambia, na kila Julai niliona haya, ingawa nikikumbuka lile tabasamu lake nadhani alijua.

Bernache iko nje juu ya trela, na baada ya mazishi Ginette ataizungusha ghuba mara moja kwa heshima ya baba yake. Asubuhi ya leo Yvon amefunga kizibo, nami, kwa magoti haya ya miaka themanini na sita, nimepiga magoti nyuma ya boti na kupeleka kidole.

Nimekigusa, shemeji. Pumzika kwa amani.