Hospitali ya Vijidude

Kwenye treni ya asubuhi nilijifanya nasoma gazeti. Muuguzi mwenye sare na fundi umeme, abiria wasiojuana, walikuwa wakiusifia mchezo mpya wa simu, ule wa kukamata vijidude na kuvipiganisha.

“Wachambuzi wameupa tisa kwa kumi,” fundi alisema. “Lawama yao ni moja tu, unaisha haraka. Mimi niliumaliza kwa siku mbili.”

Muuguzi akamtazama kama mgonjwa anayeficha dalili. “Mimi huu mwezi wa pili. Kijidude kikipata mkwaruzo tu, nakirudisha hospitali ya humo mchezoni. Hospitali nzuri, haina foleni.”

“Dada, si lazima.”

“Kwa hiyo vyako vilipigana na vidonda, kaka?”

Treni iliposimama, muuguzi akashuka. Fundi akaufungua mchezo aliokwisha kuumaliza, akaanza kutafuta hospitali iko upande gani.