Bwana Uldéric Pomerleau: Miaka Thelathini na Minane ya Kuzitazama Saini Zetu

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye maungamo: mwezi wa Februari mwaka huu nilighushi saini ya baba yangu. Aliyenigundua ni Bwana Uldéric Pomerleau, karani wa ofisi ya hati ya Bwana Fecteau hapa Saint-Évrard, ambaye anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni 1967, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane. Mimi ni mpiga chapa wa Jumamosi katika ofisi hiyo, na kwa kuwa nimesomeshwa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe. Bwana Fecteau aliniambia, "Andika vizuri, Noreen, na usizidishe." Nimeshaandika mara nne. Kila nikiliruka jambo langu, wasifu unakuwa wa mtu mwingine.

Basi nianze na yanayojulikana. Bwana Uldéric aliingia ofisini majira ya kuchipua ya mwaka 1929, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, mwandiko mzuri na jozi moja ya viatu. Kazi yake ilikuwa kunakili hati, kuzipa namba, kuzifungia katika sefu, na kuhakikisha kila aliyetia saini ni yeye kweli. Hii ya mwisho ndiyo iliyompa sifa. Bwana Uldéric akishaiona saini ya mtu mara moja, haisahau tena.

Wazee wetu hawaachi kusimulia ile wiki ya Julai 1940, serikali ilipotangaza kwamba wanaume watakaokuwa bado makapera baada ya tarehe kumi na tano ndio watakaoitwa jeshini kwanza. Vijana walikimbilia ndoa kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Bwana Uldéric aliandika mikataba ya ndoa thelathini na mmoja kwa siku nne, mkono umefungwa kitambaa. Bwana harusi mmoja aliulizwa jina kamili la mchumba wake, akaomba radhi, akatoka nje kwenda kumuuliza. Ndoa hiyo ipo mpaka leo, na ina watoto tisa.

Vita vilipokwisha ukaja umeme. Nguzo zilitakiwa kupita katika mashamba ya watu, na kila mwenye shamba alitakiwa kutoa ruhusa ya maandishi. Majira yote ya baridi Bwana Uldéric alizunguka kwa sleji iliyovutwa na farasi juu ya theluji, wino kaufungia kifuani usigande. Mzee mmoja alikataa katakata: mafundi wakipanda juu watamwona mkewe akianika nguo za ndani. Bwana Uldéric hakubishana naye. Akavua glavu, akaongeza mstari mmoja: mafundi watabisha hodi kabla ya kupanda. Mzee akatia saini, na mafundi wanabisha hodi hata leo.

Mwaka 1960, kilipoanguka chama kilichotawala jimbo letu la Québec tangu vita havijaisha, watu wanne walikuja ofisini asubuhi kuuliza kama hati zao bado zinafaa. "Shamba halina chama," aliwaambia. "Rudini mkakamue ng'ombe."

Lakini mambo yalikuwa yanabadilika kweli, na si kila badiliko lilimkuta macho. Miaka yote hiyo mwanamke aliyeolewa hakuweza kutia saini hati yoyote ya maana bila mumewe kuandika kando yake kwamba amemruhusu. Mwanamke akiingia, Bwana Uldéric alimpa kiti, halafu akavaa kofia kwenda kumtafuta mume. Tarehe mosi Julai 1964 sheria mpya ilianza kutumika. Kesho yake Madame Blandine Lessard akaja kutia saini mkataba wa kupanga duka la vitambaa. Bwana Uldéric, ambaye gazeti lenye sheria hiyo alikuwa amelisoma na kulipigia mstari mwekundu, akampa kiti, akavaa kofia, akarudi na Bwana Lessard aliyemtoa kwenye kiti cha kinyozi, shavu moja limenyolewa na la pili lina povu.

"Umemleta wa nini huyu?" Madame Lessard aliuliza.

"Aje atoe ruhusa, bibiye."

"Ruhusa iliisha jana. Mrudishe akamalizie ndevu zake."

"Na mimi nimeacha zamu yangu kwa kinyozi!" alilalamika mume. "Sasa nifanye nini hapa?"

"Kaa kimya, unadondosha povu kwenye mkataba wangu."

Ofisi ilicheka wiki nzima. Bwana Uldéric hakucheka. Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kwanza kwangu kazini, nikiwa na miaka kumi na minne, na nilimkuta na rundo la fomu zilizochapwa zamani, kila moja ina maneno "kwa idhini ya mumewe". Zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Karatasi nzuri haitupwi, alisema, hivyo alikuwa anayakata maneno hayo kwa rula na wino, fomu moja baada ya nyingine. Nilizianika kwenye meza, kwenye viti, mpaka kwenye ngazi. Alipofika ya mwisho alipangusa kalamu akasema, bila kuniangalia, "Na kwa kila moja ya hizi, ningekwenda kumwita mume."

Sasa nifike kwangu. Septemba hii vinafunguliwa vile vyuo vipya vya serikali, na mimi natamani kwenda kile cha Limoilou, mjini Québec, nikasome kemia. Fomu ilitaka saini ya baba. Baba yangu, Rosaire Quirion, ana kinu cha nafaka, na wanaomuuzia ngano kutoka Ontario hawajui neno la Kifaransa. Anayeongea nao kwenye simu ni mimi tangu nina miaka kumi na miwili. Mama ndiye Mwairishi, na Kiingereza ndiyo lugha yake, lakini mama anaogopa simu. Nilipogusia chuo, baba alisema, "Na hao Waingereza wazungumze na nani? Na farasi?" Akaondoka na kofia yake, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumfuata. Mimi hata kuomba chumvi mezani hungoja mtu mwingine aiombe. Usiku huo saini ya baba niliifanyia mazoezi kwenye daftari la hesabu.

Jumamosi nilimpa Bwana Uldéric fomu aiambatanishe na nakala ya cheti changu cha ubatizo. Aliitazama muda mrefu, kisha akafunga mlango.

"Hii Q imepona," alisema.

Sikuelewa.

"Q ya baba yako inachechemea, Noreen. Ameitia kwenye hati kumi na nne humu ndani na haijawahi kutembea wima. Hii imetoka hospitali."

Nililia mpaka kola ikalowa. Nilitegemea amwite Bwana Fecteau. Ofisi ya hati haina kosa kubwa kuliko hilo. Yeye akafungua mlango wa jiko la kuni akaitia fomu ndani. Halafu akaniuliza kama ninayo nyingine tupu.

Jumapili tatu mfululizo alikuja kwetu baada ya misa kucheza karata na baba. Mbili za kwanza hakuigusia fomu. Ya tatu, mama alipokata pai ya sukari, aliiweka fomu juu ya meza. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, nikisikia kila neno.

"Uldéric, ndugu yangu," baba alisema, "umekuja kunilia pai au umetumwa?"

"Nimejituma. Miaka thelathini na mitano nilikuwa nakwenda kuwaita wanaume waje watoe ruhusa. Nimechoka. Wewe ni wa mwisho, Rosaire."

"Na simu zangu?"

"Ninastaafu Juni. Asubuhi nitakuwa kinuni kwako."

"Wewe? Kiingereza chako kinawakimbiza mbwa!"

"Mbwa hawauzi ngano. Nikisema 'ngano' mara tatu kwa sauti, watanielewa."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha nikasikia kalamu. Nilipoitazama baadaye, ile Q ilichechemea kuliko siku zote.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Lakini kijijini kunasemwa mengine. Nje ya kanisa nimewasikia wakisema kwamba karani mzee kamtoa binti wa Quirion nyumbani ili apate kiti kinuni. Kwamba aliingia jikoni mwa watu kwa hila. Bwana Uldéric anayasikia, anainua kofia, anapita. Hawezi kujitetea bila kueleza kwa nini alianza, na akieleza, mimi ndiye nitakayeonekana. Baba hajui kwamba palikuwa na saini kabla ya saini yake. Nina miaka kumi na saba, na ruhusa aliyoitoa anaweza kuiondoa. Kwa hiyo nimenyamaza miezi minne, nikiacha jina safi la mtu lipakwe matope badala ya langu.

Wasifu huu unakwenda kwa mchapaji Jumatatu, na ninataka uchapwe hivi ulivyo: Bwana Uldéric Pomerleau hakutaka kiti cha mtu. Alimsitiri mtoto aliyekosea, kisha akampa njia halali ya kupata alichokuwa anakiiba.

Kwa niaba ya Bwana Fecteau, na ya wote waliowahi kutia saini mbele ya macho yake, tunamshukuru. Tunamwombea asubuhi zisizo na haraka, magoti yasiyouma baridi ikija, wauza ngano wenye subira, na karata nzuri kila Jumapili. Astarehe kwa utulivu wa mtu ambaye hakuna hati yake itakayorudishwa kwa kasoro.

Naandika haya mezani chumbani kwangu, Jumamosi alasiri. Mara nne nilizoandika, kila niliposikia hatua ngazini nilisukuma karatasi chini ya blanketi. Sasa hivi zinapanda tena, nzito, na vumbi la kinu linakung'utwa kwenye viatu katika kila kipandio. Ni baba. Si haki jambo langu akalisome kwenye programu pamoja na parokia nzima. Nimeigeuza karatasi ielekee mlangoni, na kiti changu nimemwachia yeye.