Mwalimu wa Biashara Aliyeitetea Hasara

Mwalimu wetu wa Biashara ametumikia shule hii miaka thelathini na moja, na tarehe thelathini ya mwezi huu anastaafu. Waliotakiwa kumwandikia ni walimu wenzake, lakini nilisema wazi ofisini kwamba hakuna anayemjua kunishinda mimi mwenye kantini. Shule niliiacha mapema na kalamu naishika kama mwiko, ila nikiishika siiachi. Umri nimemzidi pia, lakini kantini haina kustaafu.

Alikuja akiwa binti mwembamba mwenye mkoba mkubwa, akapewa darasa la mwisho kule karibu na vyoo. Wiki haikwisha, wanafunzi wakamwita Bi Kwanini. Akiona foleni, anauliza kwa nini ni ndefu. Nyanya zikishuka bei sokoni, wenzake wananunua, yeye anauliza zimevunwa wapi nyingi hivyo. Mumewe hutania kwamba alimposa kwa swali moja, akajibishwa maswali mwezi mzima.

Wengine hufundisha mahitaji na ugavi kwa kuchora mistari ubaoni. Yeye alileta darasa zima dirishani kwangu. Mapumziko watu wanasukumana na mikate imekwisha. Jioni mikate imejaa na mteja ni nzi. Akauliza kwa nini. Nilidhani ametumwa kunipeleleza, nikamwambia, mwanangu, mimi niliuza chai wewe hujajua hata kusoma. Hakukasirika. Aliniuliza tu, mzee, hiyo mikate ya jioni huwa inakwenda wapi? Ilikuwa inakwenda kwa kuku wangu, lakini hayo hayakumhusu.

Sasa, mwaka ule ule mwalimu mkuu wa wakati huo alitaka kulifuta somo la Biashara. Alisema ni la kukariri tu, na wanaolichagua wanapungua. Mwalimu akamwomba muhula mmoja: wanafunzi wafungue kantini yao upande wa pili wa uwanja, muhula ukiisha mkuu aje aone wamejifunza nini, ndipo aamue. Nikaulizwa kama nina pingamizi. Mimi na watoto? Nikasema waacheni waje, maji ya kifuu bahari ya chungu.

Siku ya kwanza wakashusha bei. Foleni ikahama. Nikashusha. Wakashusha tena. Vijana wakawa wanakimbia kati ya madirisha mawili wakipiga kelele, "Babu, wenzako wameshusha, wewe je?" Nami, mwanamume, nashusha. Foleni yangu ilifika mpaka kwenye mlingoti wa bendera na nilijiona mfalme, ila unga ulipokwisha, fedha ya kununua mwingine haikuwepo. Kule kwa watoto mambo yalikuwa yale yale. Walipiga hesabu ya unga na sukari, wakasahau mkaa, kwa kuwa mpishi wa shule alikuwa akiwagawia wa jikoni kwake. Siku alipokataa, jiko lao lilizima wateja wamesimama.

Walimu wengine walimshauri aniombe nipandishe bei, watoto wapate wateja, mkuu aonyeshwe faida, somo lipone. Ningekubali, moyo wangu ni mkubwa. Yeye akakataa. Alituketisha wote, mimi nikiwa dawati la mbele, akauliza ni vitu gani vinaingia kwenye mkate mmoja. Nikavitaja vyote bila kukosea. Akauliza, na mama anayekanda unga alfajiri, analipwa na nani? Darasa lilicheka mpaka mlinzi akaja mbio. Habari zilimfikia mke wangu kabla sijafika nyumbani. Tangu siku hiyo anachukua mshahara wake, na bei yangu imekuwa bei ya kweli.

Muhula ulipoisha, mkuu alikuja na ndita usoni. Mwalimu hakumficha kitu. Alisema kantini imepata hasara, akakaa. Waliosimama ni wanafunzi. Binti mmoja mpole, ambaye hata chai alikuwa akiagiza kwa kunong'ona, alieleza jinsi mkaa wa bure ulivyowadanganya. Mwenzake akaeleza kwa nini foleni ndefu si faida, akaninyooshea kidole, nami nikainua mkono nionekane vizuri. Mkuu akauliza swali, akajibiwa. Akauliza jingine. Kengele ililia hakuisikia. Mwisho akataka kujua kwa nini duka la sare la shule halina wateja. Hakuna aliyejua. Akawaambia wakachunguze, wamletee jibu muhula unaofuata. Hapo tukajua kwamba muhula unaofuata somo litakuwepo.

Lipo hadi leo, na linajaza madarasa mawili.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kutubakizia somo hili bila kusema uongo. Pumzika, mwanangu. Mungu akujalie afya, asubuhi zisizo na haraka, na wajukuu wenye maswali magumu kuliko yako.